Mwandishi wa CV na wakala wa ajira: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Anayetafuta kazi Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi hukutana mapema na watu wawili: anayeandika CV kwa malipo, na wakala anayezitafutia kampuni wafanyakazi. Wote wawili wana faida. Hasara huanza pale mtu asipojua nani analipwa na nani.

"Wakala kazi yake ni kunitafutia mimi kazi."

Hapana. Wakala ameagizwa na kampuni aijazie nafasi, na kampuni ndiyo inayomlipa, mara nyingi kwa asilimia ya mshahara wa mwaka wa atakayeajiriwa. Ndiyo maana ukifaa anakupigia simu mfululizo, na usipofaa ananyamaza. Usikichukulie kimya hicho kama dharau; hana nafasi yako kwa wakati huo. Huwafaa zaidi wenye uzoefu wa miaka kadhaa katika fani zinazogombaniwa, kama uhasibu, uhandisi au teknolojia ya habari. Aliyemaliza chuo juzi, au anayetaka kuhama fani, asimtegemee sana: kampuni hailipii mtu inayeweza kumpata kwa tangazo tu.

Kuna kosa hapa linaloangusha watu wazuri: kuwaachia mawakala wawili wapeleke jina lako kampuni moja. Kila mmoja atadai malipo ni yake, na kampuni isiyotaka mgogoro itaiweka CV yako kando. Mwambie kila wakala asikupeleke popote kabla hajakutajia kampuni nawe ukakubali kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Kisha andika mahali: kampuni, nafasi, tarehe, aliyekupeleka.

"Hela kidogo ya usajili ni kawaida."

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Nchi inaweza kuruhusu hali chache tu za kipekee zisizofuata kanuni hiyo. Ukiambiwa utume pesa ya fomu, ya vipimo vya afya au ya kufungua faili kwenye namba ya mtu binafsi, tena kabla ya usaili, usitume. Kenya, hakikisha wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na leseni yake haijaisha, hasa kwa kazi za Ghuba. Tanzania, anza kwa kuuliza Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA.

"CV ya kulipia itanivusha kwenye ajira za serikali."

Maombi ya Sekretarieti ya Ajira Tanzania hupitia Ajira Portal, na mchujo wa kwanza ni wa sifa zilizotajwa kwenye tangazo. Kinachowaangusha waombaji ni kuweka matokeo ya muda badala ya cheti, barua isiyosainiwa, au cheti cha nje ambacho hakijahakikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, au Baraza la Mitihani, NECTA. Rangi na mistari ya CV havizibi pengo hilo. Ukiitwa usaili wa mchujo, ni maandishi. Pesa ya CV ingefaa zaidi kwenye nauli.

"Kompyuta huzitupa CV zisizopambwa."

Ni kinyume chake. Programu za kupokea maombi husoma maandishi, na mapambo ndiyo huzichanganya: safu mbili, majedwali, picha, namba ya simu iliyowekwa juu kabisa kwenye kichwa cha ukurasa. CV iliyoskaniwa huweza kuonekana kama picha tupu. Jipime hivi: fungua faili lako, nakili maandishi yote, yabandike kwenye ukurasa mtupu wa Notepad. Kama tarehe zimehama au jina limepotea, mashine nayo huenda isikuelewe.

"Mwandishi hodari hahitaji kuniuliza mengi."

Huyu ndiye wa kukimbiwa kuliko wote. Asiyekuuliza atakujazia maneno yaleyale aliyompa mteja wa jana: mchapakazi, mbunifu, anayefanya kazi chini ya shinikizo. Mwandishi wa kweli hutaka tangazo la kazi unayoomba, kisha anakuhoji: uliuza kiasi gani, ulisimamia watu wangapi, kitu gani kilibadilika ulipokuwepo. "Nilihusika na mauzo" haisemi kitu; "niliongeza maduka tunayoyauzia kutoka 40 hadi 65 kwa miezi 9" inampa msaili swali la kukuuliza, nawe una jibu. Kila sentensi usiyoweza kuieleza kwa dakika mbili mbele ya jopo, mwambie aifute, hata kama inapendeza.

Kurasa 2 zinatosha watu wengi. Dini na hali ya ndoa viondoke, isipokuwa tangazo limevitaja. Na kabla ya kulipa, kubalianeni kwamba utapewa faili la Word, siyo PDF peke yake, kwa sababu CV hubadilishwa kwa kila tangazo. Bila faili hilo utarudi kumlipa kila unapoomba kazi mpya.