Si kweli kwamba kwenye meli ya kifahari bila tuksedo hupati chakula

Hii kitu watu wanairudia sana, eti ukipanda meli ya kifahari lazima uvae tuksedo, ile suti rasmi ya tai ya kipepeo, kila usiku la sivyo unarudishwa kabini na njaa yako. Jamani sio hivyo.

Chukua meli ya Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, ambayo ndo inajulikana kwa kushikilia mavazi kuliko karibu zote. Hata huko usiku wa gala, yani ule wa kuvaa rasmi kabisa, ni chache tu kwenye safari nzima, na suti nyeusi na tai inakubalika kabisa. Usiku mwingine kuanzia saa 12 jioni unatakiwa tu uwe nadhifu, yani shati la kola na suruali ya kitambaa, na kama hutaki kuvaa rasmi siku ya gala unaenda Kings Court kwenye bafe unakula vizuri tu na hakuna wa kukuuliza. Kampuni ya Viking wao hawana kabisa usiku rasmi, kampuni ya Norwegian nao tangu 2000 walileta mtindo wao wa kila mtu ale anapotaka bila kulazimishwa tai.

Sasa ubishi upo, na mi nawaelewa wanaotaka gala ibaki, maana mtu kaweka akiba miaka avae gauni refu ashuke zile ngazi, halafu meza ya jirani kuna kaptula na ndala, inauma kweli. Ila anayesafiri na begi dogo naye kalipa nauli. Kwa hiyo kabla hujanunua nguo soma masharti ya meli yako, kila kampuni ina yake.