Je, wajua kwa nini kijiji kinacholiona ziwa hukosa maji ya bomba?

Kutoka Kisesa, Usagara au Kishiri hadi Mwanza mjini ni safari fupi ya daladala, na ukipanda miinuko ya pande hizo unaliona Ziwa Victoria limetandaa. Hata hivyo, kwenye vijiji vya pembezoni kama hivi zipo nyumba zenye bomba na mita ambazo maji huzifikia kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane, na mchana watu wananunua madumu ya lita 20 kwenye toroli. Wakati huohuo, maji ya ziwa hilohilo yanasafiri hadi Shinyanga na Kahama. Inakuwaje wa mbali anywe kabla ya jirani?

Jibu linalosikika sana vijiweni ni Misri. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba katika maeneo yaliyotawaliwa na Waingereza pasijengwe kitu kwenye Mto Nile na maziwa yake kitakachopunguza maji ya Misri bila Misri kuridhia. Makubaliano hayo yalikuwepo kweli, ila hayaelezi kitu hapa. Tanganyika huru ilikataa kufungwa nayo chini ya Mwalimu Nyerere, na mradi wa kupeleka maji Shinyanga na Kahama ulizinduliwa mwaka 2009. Mwanza mjini nako maji ya chanzo cha Capripoint yamesukumwa kutoka ziwani miaka mingi. Mkataba unaozuia kijiji cha kando ya mji na kuuacha mji wenyewe ungekuwa wa ajabu sana.

Wengine husema ziwa limepungua. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda hadi kuvunja rekodi, likamwaga maji kwenye nyumba na mialo. Lakini kupanda na kushuka huko ni suala la mita moja au mbili, ilhali vilima vya Mwanza vimeinuka makumi ya mita juu ya ufuko. Kwa bomba lililo kilimani, tofauti hiyo ya ziwani ni ndogo mno.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni ya umbali: aliye karibu na ziwa anastahili kupata mapema na kwa bei nafuu. Inaonekana haina ubishi, kwa sababu kwa anayechota kwa ndoo ni kweli tupu. Kwenye bomba mambo hubadilika. Bomba la nyumbani halichoti ziwani, linachota kwenye tangi lililojengwa juu ya kilima, na kinachoamua ni nyumba yako iko chini ya tangi hilo kwa mita ngapi.

Mtazame fundi ujenzi anapopima levo ya msingi. Anachukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, anaujaza maji, anashika ncha moja kwenye kona ya kwanza na msaidizi anashika nyingine kwenye kona ya mbali. Mpira unaweza kuzunguka jiwe, ukalala mtaroni, ukapita chini ya rundo la mchanga. Maji kwenye ncha zote mbili yatasimama kimo kilekile. Sasa msaidizi ainue ncha yake juu ya kimo hicho: maji hayaifuati, hata kama wamesimama hatua mbili tu. Akiishusha chini ya kimo, maji yanamwagika, hata mpira ungekuwa mrefu kiasi gani. Tangi la kilimani ni ncha ya fundi, na bomba lako ni ncha ya msaidizi. Kila mita 10 unazoshuka chini ya tangi huongeza presha ya takriban bar moja, na kila mita unayopanda inaipunguza.

Hapo maji yametulia. Yakianza kutembea yanasuguana na kuta za bomba na kupoteza presha njiani, na hasara hiyo inapaa kwa kasi: mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, upotevu unakaribia mara nne. Asubuhi mji mzima unapofungua koki, maji yanakimbia kwenye bomba kuu, na presha inakuwa imekwisha kabla ya kufika mwisho wa laini. Usiku koki zimefungwa, maji yanatembea polepole, presha inabaki. Hii ni sababu kubwa ya mabomba ya pembezoni kutoa maji watu wakiwa wamelala. Mabomba yanayovuja na koki zinazofungwa makusudi kwa ajili ya mgao huongeza tatizo.

Shinyanga imefikiwa kwa njia hiyohiyo. Maji yanachukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanasukumwa kwa pampu hadi kwenye tangi la kilima cha Mabale, kisha yanateremka yenyewe. Mji wa Shinyanga hauko juu sana kuliko uso wa ziwa, kwa hiyo mteremko kutoka Mabale unatosha. Gharama kubwa ipo kwenye kupandisha. Uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, ina uzito wa tani moja. Kuiinua mita 100 kunahitaji angalau uniti 0.27 za umeme, na kwa pampu halisi ni zaidi ya hapo.

Ndiyo maana chanzo kipya cha maji cha Butimba, Mwanza, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, kinahitaji matangi ya vilimani na mabomba makubwa ili maji yake yafike pembezoni.

Kwa anayejenga huko, hesabu hii inaingia hadi uani. Mara nyingi koki iliyo karibu na mita inatiririka vizuri, lakini tangi la plastiki lililopandishwa kwenye mnara wa mita 3 linabaki kavu, kwa kuwa presha iliyopo haifiki kwenye mdomo wake. Chimba tangi la chini lipokee maji ya usiku, kisha pampu ndogo iyapandishe mnarani asubuhi.