Hakuna "hadithi halisi" ya Snow White: dhana potofu kuhusu ngano na filamu za katuni

Nafundisha fasihi ya watoto, na mara nyingi wazazi na walimu huniita tuzungumze kuhusu vitabu vya kuwasomea wadogo. Kila kikao hufika mahali mtu akanyanyua mkono na kusema, kwa sauti ya anayefichua siri: "Lakini mwalimu, hadithi halisi si ilikuwa ya kutisha mno? Hawa wa filamu wameilainisha tu." Wenzake wanaitikia kwa vichwa. Wiki iliyopita niliisikia kauli hiyo mara tatu kwa siku moja, na mara ya tatu ilitoka kwa mwalimu anayezifundisha ngano hizo hizo darasani. Nimeona bora niandike.

Dhana: Ipo hadithi halisi, ya kutisha, na filamu imeiharibu

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Anayeishika hujiona ameshajua kila kitu, akaacha kusoma hapo hapo.

Tatizo ni neno "halisi". Ngano huishi mdomoni mwa fanani, na hakuna fanani anayesimulia vilevile mara mbili. Ukimbana anayesema hivyo, utakuta anamaanisha maandishi ya akina Grimm, Jacob na Wilhelm, ndugu wawili wa Kijerumani waliokusanya ngano. Vema, toleo lipi? Mkusanyiko wao mkubwa ulitoka mara 7 kati ya 1812 na 1857, na Wilhelm hakuacha kuurekebisha miaka yote hiyo.

Mchukue Snow White mwenyewe, msichana anayeonewa wivu kwa uzuri wake. Katika toleo la 1812, anayemwonea wivu, anayemtuma mwindaji akamuue porini na kumletea mapafu na ini lake ayale, ni mama yake mzazi. Mama wa kambo hayumo kabisa. Anaingia katika toleo la pili, la 1819, ambako mama mzazi anafariki mara tu baada ya kujifungua na mfalme anaoa mke mwingine. Hansel na Gretel, kaka na dada, nao walipelekwa kutupwa msituni kwa shauri la mama yao wa kuwazaa, hadi toleo la 1840 lilipomgeuza kuwa wa kambo. Kwa hiyo mzazi anayeniambia "filamu imemsingizia mama wa kambo" anailaumu filamu ya katuni ya Disney ya 1937 kwa jambo lililofanywa na Wilhelm Grimm zaidi ya miaka 100 kabla yake.

Rapunzel ni hivyo hivyo. Mwaka 1812 anamuuliza bibi aliyemfungia mnarani kwa nini nguo zake zimeanza kumbana, na msomaji mtu mzima anaelewa mara moja kwamba mwana wa mfalme amekuwa akimtembelea kwa muda mrefu. Katika matoleo ya baadaye anauliza kwa nini yeye bibi ni mzito kumvuta juu kwa nywele kuliko mwana wa mfalme. Mimba imefutwa, na msichana aliyekuwa hajui mwili wake unapitia nini amegeuzwa mropokaji.

Sasa nije kwenye ushahidi ambao watu hunitolea kila mara: njiwa wanaowadonoa macho dada wa kambo wa Cinderella. Wanautaja kama alama ya ukale wa hadithi. Adhabu hiyo haimo katika toleo la 1812. Iliongezwa 1819. Akina Grimm walikuwa wakiondoa mambo ya mapenzi huku wakiongeza ukali wa adhabu, na hayo yote waliyafanya wakiwa mezani na kalamu.

Na filamu ya Cinderella ya 1950 haikuwalainisha akina Grimm, maana haikuwafuata wao. Ilimfuata Mfaransa Charles Perrault, aliyechapisha yake 1697, miaka 115 kabla ya wao. Boga linalogeuka gari, panya wanaogeuka farasi, saa sita ya usiku, kiatu cha kioo, vyote ni vyake. Kwa Perrault, Cinderella anawasamehe dada zake, anawahamishia ikulu na kuwaoza kwa waungwana. Ukilinganisha na hapo, filamu ndiyo kali, kwa sababu dada hao wanaondoka mikono mitupu. Ukirudi nyuma zaidi, kwa Giambattista Basile wa Napoli, ambaye kitabu chake kilianza kutoka 1634, msichana mwenyewe anamuua mama yake wa kambo kwa kumbamiza kifuniko cha sanduku shingoni. Na China, katika karne ya 9, Duan Chengshi aliandika habari za Ye Xian, yatima anayesaidiwa na mifupa ya samaki na kupoteza kiatu cha dhahabu. Niambie basi, halisi ni ipi kati ya hizo? Ukali unapanda na kushuka kutoka mkono hadi mkono. Haukuwa juu siku ya kwanza ukashuka hadi ukaikuta katuni.

Mabadiliko makubwa ya filamu yako kwingine kabisa, na laiti wazazi wangeyatazama hayo badala ya kuhesabu matone ya damu.

Katika ngano, malkia aliyejigeuza mchuuzi anafika mlangoni kwa Snow White mara tatu: kwanza na ukanda wa kukaza kifua, kisha na kitana chenye sumu, mwisho na tofaa. Filamu ya 1937 imebakiza tofaa tu. Nikisoma kwa sauti, mara ya kwanza watoto wananyamaza. Mara ya pili mmoja anasema, "Usifungue!" Mara ya tatu wote wanapiga kelele kabla sijataja mlango, na yupo atakayesimama. Takriri ile ndiyo inayompa mtoto nafasi ya kujua jambo kabla ya shujaa kulijua. Sikio linapenda kurudiwa, jicho linachoka. Mtengeneza filamu yenye dakika 83 hawezi kukuonyesha mlango ule ule ukigongwa mara tatu, kwa hiyo anakata, na muda aliouokoa anawapa vibete saba wanaoishi na Snow White msituni.

Nao vibete katika ngano hawana majina. Wanarudi nyumbani na kusema kwa zamu: nani amekaa kwenye kiti changu, nani amekula kwenye sahani yangu, nani amemega mkate wangu. Ni kibwagizo, sauti moja iliyogawanywa saba. Katika filamu kila mmoja ana jina, mwendo na tabia yake, huyu mkali, yule mwenye aibu, mwingine hapiti dakika bila kupiga chafya. Mchoraji hana budi. Watu saba waliofanana kwenye skrini ni umati tu, mpaka kila mmoja atembee kwa namna yake.

Halafu muda wenyewe. Katika ngano ya binti aliyelala, usingizi ni wa miaka 100, na miiba inamfungukia mwana wa mfalme kwa sababu miaka imetimia. Wengine waliojaribu kabla ya wakati walifia humo humo. Katika filamu ya 1959 miaka 100 haipo. Mwana wa mfalme anakata miiba kwa upanga na kupigana na joka. Kazi iliyofanywa na subira imehamishiwa kwenye upanga. Mimi naliona hilo kuwa badiliko zito kuliko lolote la damu, na sijawahi kulisikia likitajwa katika kikao.

La mwisho ni hukumu. Kwa akina Grimm, malkia anaalikwa harusini, anavalishwa viatu vya chuma vilivyopashwa moto hadi vikawa vyekundu, na anacheza navyo mpaka anaanguka amekufa. Watu wamemhukumu, mbele ya watu. Katika filamu radi inapiga, mwamba unameguka, anaporomoka. Hakuna mkono uliomgusa. Utaukuta mwisho huo katika katuni nyingi zilizofuata, ukiwamo ule wa mwindaji mwenye majivuno katika filamu ya 1991 ya mrembo na mnyama: mbaya anaanguka kutoka juu, shujaa anabaki safi. Haki imegeuka ajali. Ikiwa kuna jambo la kuzungumza na mtoto baada ya filamu, ni hilo.

Dhana: Busu ndilo lililomwamsha

Si kwa Snow White. Kwa akina Grimm watumishi wa mwana wa mfalme wanajikwaa wakiwa wamebeba jeneza la kioo, na kipande cha tofaa kinamtoka kooni. Katika toleo la 1812 mtumishi mmoja, kwa hasira ya kuchoshwa na kulibeba jeneza kila siku, anampiga mgongoni, kinatoka. Busu la filamu limeazimwa kwa yule binti mwingine aliyelala, na hata yeye kwa Perrault haamshwi kwa busu; mwana wa mfalme anapiga magoti, na kwa kuwa muda umetimia, anaamka. Busu lake liko kwa akina Grimm.

Chura anayegeuka mwana wa mfalme naye, kwa akina Grimm, hakubusiwa. Binti wa mfalme alimbamiza ukutani kwa hasira, ndipo akageuka mwana wa mfalme.

Dhana: Kiatu cha kioo ni kosa la kusikia

Hapana. Kwa Kifaransa neno la kioo na neno la aina fulani ya manyoya hutamkwa sawa, na katika karne ya 19 wakatokea waliodai kwamba Perrault alikusudia manyoya. Aliandika kioo, na kioo ndicho kinachofaa: hakinyumbuki, hakimdanganyi mtu yeyote kuhusu mguu wa nani.

Dhana: Katuni za zamani zilikuwa laini kuliko vitabu

Filamu ya 1937 ilipofika Uingereza, 1938, wakaguzi wa filamu waliipa daraja lililomtaka mtoto aandamane na mtu mzima. Msitu wenye macho na mikono haumo katika kitabu. Mtoto anayesoma huchora kitisho chake kwa kiasi anachokiweza, skrini haimpimii.

Dhana: Nguva mdogo ni ngano ya kale, na katuni haiwezi kuisha kwa msiba

Hapa ndipo neno "asili" lina maana, na hapa hapa ndipo watu hawalitumii. Habari za nguva mdogo zilitungwa na mtu mmoja, Hans Christian Andersen, na kuchapishwa 1837. Katika maandishi yake nguva anakatwa ulimi, kila hatua ya miguu yake mipya inamchoma kama anakanyaga visu, mwana wa mfalme anaoa mwingine, naye anapewa kisu amuue ili ajiokoe. Anakitupa baharini. Anageuka povu, kisha anachukuliwa na mabinti wa hewa. Filamu ya Marekani ya 1989 ilimpa sauti yake, ndoa na maisha marefu. Anayesema filamu hiyo iliacha asili yake yuko sahihi, nami namuunga mkono.

Lakini asiseme katuni haikuwa na njia nyingine. Muungano wa Kisovieti uliichora hadithi hiyo 1968, Japani 1975, na katika zote mbili nguva hapati mwana wa mfalme wala haponi. Mwisho wa furaha ulikuwa uamuzi wa watengenezaji. Chombo chenyewe hakiwalazimishi.

Dhana: Aladdin ni ya Uarabuni na matakwa ni matatu

Maandishi yanaiweka China. Antoine Galland, Mfaransa aliyetafsiri Alfu Lela Ulela, aliipata Paris mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, msimulizi wa Aleppo, na majini ni wawili, wa pete na wa taa. Hawahesabu matakwa. Hesabu ya matatu katika filamu ya 1992 humwezesha mtazamaji kujua ni mangapi yamebaki. Ni hila nzuri ya filamu, ila isiitwe mapokeo ya hadithi hii.

Dhana: Akishaona filamu, kitabu hakina kazi

Ushauri wangu ni ule ule nimpao kila mtu, na sitauacha: msomee ngano kabla ya filamu, bila picha, umwache amchore malkia mwenyewe kwenye karatasi. Ihifadhi karatasi hiyo. Filamu ikishaingia, malkia wa mtoto huyo anaondoka, na kumrudisha ni kazi ngumu. Nimeona michoro ya kabla: mmoja ana kofia ya jikoni, mwingine ana meno kwenye viganja. Michoro ya baada ya filamu, darasa zima, ni joho jeusi na taji la manjano.

Kama filamu imeshatangulia, soma hata hivyo, na usifungue kitabu kwa kusema "sasa hii ndiyo ya kweli." Mwambie nani aliisimulia na lini: hivi ndivyo Wilhelm Grimm alivyoiandika 1857, hivi ndivyo Perrault alivyoiandika 1697. Mtoto wa miaka sita analielewa hilo bila shida. Kisha msomee ile milango mitatu, usiruke hata mmoja.