Paleti ya rangi za kina: maana yake, na kwa nini uipange mwenyewe

Mvuvi mmoja mzee pale Dunga, ufuoni Kisumu, alishika simu yangu juani, akaitazama ramani ya kina cha maji ya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, niliyoihangaikia wiki mbili, kisha akaniuliza: "Kijana wangu, hapa Kisumu pote pana rangi moja. Sasa tunapokwama na tunapopita utapajuaje?" Alisema kweli. Vipimo vilikuwa sawa, ila paleti ndiyo ilikuwa mbovu.

Paleti ya rangi za kina ni jedwali linaloiambia programu ya ramani: kutoka mita hizi hadi hizi, paka rangi hii. Kifaa cha mwangwi kinachofungwa kwenye boti hutuma sauti hadi chini ya ziwa, hupima muda inaochukua kurudi, kisha hutoa namba. Boti likizunguka siku nzima, namba hizo hufika maelfu. Programu hukadiria kina cha sehemu ambazo boti halikupita, halafu paleti huzigeuza namba zote kuwa picha.

Ukiiachia programu ijipangie, mara nyingi huchukua kina kifupi kabisa na kirefu kabisa, ikagawa katikati sawasawa. Kina kirefu zaidi cha Ziwa Victoria ni takriban mita 80. Gawa kwa rangi 8, kila rangi inabeba mita 10. Lakini maji ya mbele ya Kisumu ni ya mita chache tu, kwa hiyo Dunga, bandari na ufuo wote wa mji huangukia kwenye rangi ya kwanza. Rangi 7 zilizobaki huenda kupamba vilindi ambavyo boti la yule mzee halifiki.

Kuipanga mwenyewe ni kuihamisha mipaka hiyo. Nilifuta ya programu nikaandika yangu: 0 hadi 1, 1 hadi 1.5, 1.5 hadi 2, 2 hadi 3, 3 hadi 5, 5 hadi 10, 10 hadi 40, na zaidi ya 40. Rangi ni 8 zile zile, ila 5 kati yake sasa zinahudumia mita 5 za juu, mahali injini inapogusa tope na nyavu zinaponasa. Anayekwenda Mbita, ambako mlango wa maji wa kisiwa cha Rusinga una kina cha makumi ya mita, atataka mipaka mingine, na ana haki.

Kuna uamuzi mwingine: rangi zikatike ghafla mpakani au zififie polepole? Kwenye QGIS, ambayo ni programu ya bure, unachagua lolote kati ya hayo mawili. Rangi zinazofifia hupendeza na huonyesha mteremko vizuri. Kwa mtu anayeendesha boti mimi nachagua zinazokatika, kwa sababu anahitaji kuona mahali hasa mita 2 zinapoishia.

Kuhusu rangi zenyewe, wengi tumezoea kwamba buluu iliyokolea ni kilindi. Ramani za mabaharia za Uingereza hufanya kinyume: maji ya kina kifupi hupakwa buluu na vilindi huachwa vyeupe, ili jicho liende kwenye hatari kwanza. Naupenda mpango huo. Rangi za upinde wa mvua naziepuka. Njano yake hung'aa katikati na kumfanya mtu aone ukingo ambao haupo ziwani, na asiyetofautisha nyekundu na kijani hupotea kabisa. Afadhali rangi moja au mbili zinazokolea hatua kwa hatua. Kisha toka nje saa sita mchana uitazame simu, maana rangi hafifu zinazopendeza ofisini hazionekani juani.

Jambo moja paleti haiwezi kulirekebisha: ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 lilipanda hadi maji yakaingia kwenye nyumba za ufuoni. Maji yakishuka nusu mita tangu siku ya vipimo, sehemu uliyoipaka rangi ya mita 1.5 sasa ina mita 1 tu. Kwa hiyo andika tarehe ya vipimo pembeni mwa ramani, kando kabisa ya ufunguo wa rangi, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila miwani.