Mtihani wa Kalkulasi kwa Kompyuta Bado Unadai Kalamu

Wapo wanafunzi wa kidato cha sita jijini Kampala ambao, wakijiandaa kwa mtihani wa AP (Advanced Placement, mitihani ya kiwango cha chuo kikuu kwa wanafunzi wa sekondari) wa kalkulasi, tawi la hisabati linalochunguza mabadiliko, unaotungwa Marekani, wanadhani kwamba kwa kuwa tangu Mei 2025 mtihani huo hufanywa kwa kompyuta, kikokotoo kilichomo ndani ya programu kitawafanyia hesabu zote. Sivyo hata kidogo. Kati ya maswali 45 ya kuchagua jibu, 30 hujibiwa bila kikokotoo. Na yale 6 ya kujieleza, ingawa husomwa kwenye skrini, hujibiwa kwa mkono katika kijitabu cha karatasi, kikokotoo kikiruhusiwa katika mawili tu.

Chukua intigrali ya 2x cos(x²) kuanzia 0 hadi 1. Aliyezoea kuweka u = x² huona upesi kwamba jibu ni sin 1, ilhali aliyezoea kubofya tu hukwama; na hata pale kikokotoo kinaporuhusiwa, akiandika 0.841 pekee bila kuonyesha intigrali yenyewe, atapoteza alama. Walimu wenzangu, nawasihi tuwape vijana hawa mazoezi ya karatasi kila wiki, kisha tuwazoeze kusoma swali kwenye skrini huku wakiandika kijitabuni, jambo ambalo wanaosoma kwa ajili ya UACE, mtihani wa kitaifa wa Uganda wa kumaliza kidato cha sita, ambao hisabati yake hufanywa kwa karatasi pekee, hawajawahi kulihitaji.