"Hakumbuki kwa sababu hataki kusema": tunavyoielewa vibaya kumbukumbu ya kijana mwenye sonona

Muulize kijana mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, "Nisimulie siku moja uliyofurahi." Mara nyingi hatakutajia siku. Atasema, "Nilikuwa nafurahi tukienda kwa bibi." Ukimbana akueleze ilikuwa lini, nani alikuwepo, kulipikwa nini, ananyamaza. Hapo wazazi na walimu tunahukumu haraka mno, na hukumu zenyewe ndizo zinazomfungia mtoto mdomo.

Dhana: Anaficha, au ni mvivu wa kufikiri.

Mwaka 1986 Mark Williams, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya utafiti Cambridge, Uingereza, alichapisha pamoja na Keith Broadbent matokeo ya kazi waliyoifanya na watu waliolazwa baada ya kujaribu kujiua. Kipimo chao kilikuwa chepesi. Mtu anapewa neno, kama furaha, usalama, hasira au upweke, kisha anaombwa ataje tukio moja lililompata siku moja. Wagonjwa wale walielewa swali vizuri, lakini majibu yao yalikuja kwa jumla, si tukio moja: "nikigombana na watu", "nilipokuwa nacheza mpira". Hata neno lilipokuwa zuri, tukio lenyewe lilikuwa gumu kupatikana. Tangu hapo jambo hilo limeonekana mara nyingi kwa watu wenye sonona, vijana wakiwemo.

Maelezo ya Williams na wenzake ni kwamba tunapokumbuka, akili huanzia kwenye mambo ya jumla, halafu hushuka hadi kwenye tukio lenyewe. Mwenye sonona hukwama njiani. Pengine neno limegusa wazo analolirudiarudia kutwa nzima, "mimi sifai", naye akazama humo. Pengine akili imezoea kukwepa undani kwa sababu undani unauma. Pengine nguvu ya kutafuta imeisha tu, maana sonona huchosha akili kama homa inavyochosha mwili. Kwa hiyo kijana akisema "siku zote nakosea", usikimbilie kusema anatia chumvi. Ile siku moja aliyopatia haimjii.

Gharama yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mtu hutatua shida ya leo kwa kukumbuka alivyoitatua ya jana. Williams alionyesha pia kwamba wenye kumbukumbu za jumla huiona kesho kwa ujumla vilevile, bila picha ya jambo lolote mahususi. Tunapomwambia mtoto wa namna hii "fikiria maisha yako ya baadaye", tunamtaka aone mahali palipojaa ukungu.

Dhana: Watoto hawana msongo, wana utundu tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kuwa nusu ya matatizo hayo huwa yameanza kufikia umri wa miaka 14. Huo ni umri wa darasa la nane au kidato cha kwanza.

Dhana: Mwambie asahau yaliyopita.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaomba wanafunzi wa Marekani wasimfikirie dubu mweupe. Dubu hakuondoka, na walipopewa ruhusa ya kumfikiria alikuja kwa wingi zaidi. Ikiwa dubu asiye na maana yoyote hakusukumika, msiba wa mzazi utasukumwaje?

Lakini wapo wanaopita upande wa pili, wakamchimba mtoto kwa maswali yaliyobeba majibu. Kumbukumbu si mkanda wa video. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya gari, kisha wakabadilisha neno moja katika swali. Wiki moja baadaye, walioulizwa kwa neno zito zaidi walidai kuona vioo vilivyovunjika mara nyingi kuliko wenzao, na vioo havikuwepo. Uliza "Ikawaje?", usiulize "Alikupiga, siyo?"

Dhana: Akili ikishakuwa hivyo, haibadiliki.

Mwanasaikolojia Filip Raes na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walibuni mafunzo ya kumrudishia mtu uwezo wa kutaja matukio mahususi. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya kuyajaribu kwa vijana 23 wa Afghanistan waliokuwa wakimbizi Iran, waliofiwa na baba zao vitani. Kwa wiki tano, katika vikundi, baadhi yao walifanya zoezi hilohilo: neno, siku, mahali, watu, harufu, sauti. Miezi miwili baadaye waliofunzwa walikuwa na dalili chache za sonona kuliko wenzao. Vijana 23 ni wachache, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba nafuu ya sonona huweza kufifia muda ukipita. Hata hivyo, uwezo wa kukumbuka unafundishika, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Wala si lazima daktari bingwa ndiye amsaidie kijana mwenye sonona. Kenya, mpango wa Shamiri ulioanzishwa na Tom Osborn na wenzake uliwatumia vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikao vinne vya wanafunzi wenye dalili za sonona na wasiwasi. Jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha dalili zikipungua.

Dhana: Ukimuuliza kuhusu kujiua, utampa wazo.

Tafiti hazionyeshi hivyo. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili: "Umewahi kufikiria kufa?" Akisema ndiyo, asibaki peke yake, na mfikishe kituo cha afya siku hiyohiyo.