Umeshampa maziwa, sasa nisikilize

Jumapili saa tatu usiku simu inaita. "Dokta, mbwa wangu kala sumu, nimeshampa maziwa lita moja, niongeze?" Lita moja! Mbwa mwenyewe ana kilo 12, anatetemeka, mate yanachuruzika, halafu kuna mtu kamshika taya na mwingine anamimina. Alipofika kliniki kifua kinakoroma, nikawa sijui nianze na sumu au nianze na maziwa yaliyoingia mapafuni.

Jamani. Kila wiki naisikia hii na leo nimechoka, acha niandike.

Maziwa hayaui sumu. Ni maji, mafuta, protini na sukari, basi, hakuna kitu mle ndani kinachoikimbiza sumu na kuikamata. Sumu ninazokutana nazo sana ni za wadudu, oganofosfati na kabameti. Hizi zinazuia kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzima ishara ya neva ikishafika kwenye msuli au tezi. Kisipofanya kazi ishara haizimiki, ndo maana unaona mate, machozi, mkojo unajitokea wenyewe, anaharisha, mboni zimekuwa kama tundu la sindano, misuli inachezacheza chini ya ngozi. Anachokufa nacho ni pumzi, njia za hewa zinajaa ute na misuli ya kupumulia inachoka. Hapo dawa ni atropini, kwenye mshipa, na unarudia mpaka kifua kikauke. Maziwa hapo yanaenda kufanya kazi gani?

Vitabu vitakwambia mafuta ya maziwa yanaweza hata kuharakisha sumu kuingia mwilini maana nyingine zinayeyuka kwenye mafuta. Sawa, ila binafsi sidhani mafuta ya kikombe kimoja ndo yanaamua nani afe. Ninachokiona mezani ni mambo mawili tu, maziwa yaliyoenda njia ya hewa kwa mnyama asiyeweza kumeza, na muda. Ule muda wa kumtuma mtoto dukani akanunue maziwa, kurudi, kumshika mbwa, kumimina, kukaa kusubiri "yafanye kazi". Nusu saa imeenda na mimi niko dakika kumi kutoka kwenu.

Na kuna ile sumu ya panya ya unga mweusi mweusi, fosfidi ya zinki. Hii ikikutana na tindikali ya tumbo inatoa gesi ya fosfini, na gesi ndiyo inayoua. Sasa ukimpa mnyama maziwa au chakula, tumbo linafanya nini? Linamwaga tindikali zaidi! Yaani huyu tunamtaka na njaa yake, wewe unamwandalia kifungua kinywa.

Sumu ya panya nyingine ndiyo inayonivunjia heshima mtaani, brodifakumu na ndugu zake. Mbwa anaila leo, kesho mzima, kesho kutwa anakimbiza kuku, mwenye mbwa anatangaza kwa majirani kwamba maziwa yamemwokoa. Kumbe ile inazuia damu kuganda na inachukua siku tatu mpaka tano kujionyesha. Siku ya nne fizi nyeupe, anahema, damu inavujia kifuani, na hakuna anayekumbuka tena habari ya sumu, naambiwa "dokta kaanza tu kuchoka". Angeletwa siku ile ile ingekuwa vitamini K1 wiki tatu au nne na mambo yameisha. K1 nimesema, sio K3.

Nitakubali kitu. Nimeshampa mbwa atropini mapema kabisa na akafa mikononi mwangu, na yupo mwingine wa mtaa huo huo alipewa maziwa tu, mpaka leo anabweka. Nitabishana vipi na bibi mwenye mbwa yule? Nadhani alilamba kidogo, au maziwa yalimtapisha mapema ikatoka, ila sina ushahidi, nabahatisha kama yeye. Na kuna mahali maziwa kidogo yanasaidia kweli, paka akitafuna lile ua la sebuleni la majani mapana yenye madoa meupe, difenbakia, mdomo ukawaka moto, mwache alambe kidogo yapooze. Ni mdomo hapo, sio sumu iliyoshaingia kwenye damu.

Mkaa wa jikoni uliosagwa nao sio mkaa wa dawa. Wa dawa umetengenezwa kwa joto na mvuke mpaka ukawa na vitundu vingi vidogo vya kushikia sumu, wako wa pilau hauna hivyo. Mafuta ya kula hapana, mayai mabichi hapana. Na Panadol kwa paka ni sumu yenyewe, ini lake haliiwezi, nusu kidonge inaweza kumuua, hilo nitaliandika siku nyingine nikiwa na hasira mpya.

Shida yangu kubwa ni kwamba mara nyingi sijui mnyama kala nini. Yule jamaa anayepita na spika, "sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto", anakuuzia kipakiti hakina jina wala maandishi, na mimi natakiwa nichague dawa kwa kuangalia mboni. Kwa hiyo kipakiti njoo nacho hata kama kimelowa, hata kama umeshakitupa jalalani kachimbue. Kama sumu imemwagikia manyoya, vaa glovu au mifuko ya nailoni mikononi, muoshe kwa sabuni na maji mengi. Anayetetemeka usimpe chochote mdomoni. Mlaze ubavu kwenye gari, na akitapika njiani shusha vioo vyote, hasa ukisikia harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, maana hiyo fosfini haichagui mbwa na dereva.